Puto la Koplo Theonest

Jua lilikuwa limeshazama Tekla alipofika kwenye kizuizi cha barabara, Chang'ombe, bakuli la ndizi na maharage kichwani, mwanawe Auleria wa miezi saba mgongoni ndani ya mbeleko. Kila jioni alimpelekea mumewe chakula. Koplo Theonest alikuwa trafiki, na sifa yake ilikuwa pua. Dereva akimpumulia mara moja tu, alijua: huyu kavuta bangi, huyu kala vitunguu.

Lakini wiki hiyo mkemia mmoja kutoka mjini alikuwa amemletea maputo. Dereva anapuliza, puto linafungwa uzi, linapelekwa maabara kujaribu kama mashine inaweza kuigundua bangi ndani ya pumzi.

"Mashine!" Theonest alicheka akifunua bakuli. "Mama Auleria, mie nimekamata arobaini kwa pua hii. Hiyo mashine itanusa kwa nini? Kwa masikio?"

Tekla alitabasamu. Ndipo lori likaja.

Lilikuja polepole, bila taa, limebeba saruji ya kijiji cha ujamaa huko Kisarawe. Likasimama kabla Theonest hajalipungia mkono.

"Shikamoo, afande."

Sauti ilikuwa ya kunong'ona. Macho ya dereva yalikuwa mekundu, hayapepesi. Nzi alitembea juu ya mdomo wake... wala hakumfukuza.

"Marahaba. Leo umevuta shamba zima, ndugu yangu." Theonest akampa puto. "Puliza."

"Nisamehe, afande. Pumzi hii si yangu."

"Ya nani? Ya serikali?"

"Ya tajiri wangu. Kanipa ya kuendeshea tu." Akageuza macho kwa Tekla. "Mama... msogeze mtoto."

Tekla akarudi nyuma hatua mbili. "Baba Auleria, mwache aende zake."

"Wavuta bangi wote wana hadithi. Puliza!"

Dereva akapuliza. Pumzi moja, ndefu, isiyokatika. Puto likajaa likawa kama boga. Kisha kichwa chake kikalala juu ya usukani, taratibu, kama mtu aliyetua mzigo.

Theonest hakumwangalia. Alikuwa amelikaba puto shingoni, amekunja uso. Lilikuwa linachezacheza mkononi mwake.

Linatanuka.

Linanywea.

Linatanuka...

Alitakiwa alifunge uzi, basi. Lakini mtu aliyezoea kuiamini pua yake hawezi kupitwa na harufu. Akalegeza vidole kidogo, anuse kwanza.

Fsss...

Kafuri. Kafuri na udongo mbichi, harufu ya maiti aliyekwisha oshwa. Ikampita Theonest. Ikampita Tekla shavuni, baridi kama maji ya mtungi. Mgongoni mtoto akashtuka, akavuta hewa kwa nguvu, kama mtu aliyeibuka majini.

Kisha kimya.

Tekla alifungua mbeleko. Auleria alikuwa macho, anamtazama. Mzima. Ana joto lake.

Dereva ndiye aliyekuwa baridi. Daktari alisema mtu yule amekufa siku nyingi, akaomba asiulizwe zaidi. Leseni ilisema anaitwa Mwishehe, mkazi wa Vingunguti. Mtu mmoja wa huko alipoonyeshwa picha aliapa kwamba Mwishehe huyo walimzika kabla ya Ramadhani.

"Msukule. Mfu wa kutumikishwa," alinong'ona, akaondoka bila kuaga.

Lori halikudaiwa na mtu. Maputo yaliyobaki Theonest aliyachoma moto nyuma ya kota, na mkemia akaambiwa yameliwa na panya.

Auleria anakua. Ananyonya, anacheka, ameota meno mawili. Zahanati walimpima wakasema hana neno, mama apunguze wasiwasi.

Lakini mchana, mtoto anapolala mkekani, Tekla huacha kazi zote akaketi karibu naye, akasikiliza. Hajamwambia mumewe. Aanzie wapi?

Auleria huvuta pumzi mara moja.

Huitoa mara mbili.