Aliyemlilia Tamoru

Mtoto alinyamaza ghafla mno. Hapo ndipo mambo yalipoanza kwenda mrama, ingawa siku hiyo nyumba nzima ilishangilia.

Lakini tuanze na Tamoru, maana bila yeye kisingekuwepo kisa. Tamoru hakuwa mtu. Alikuwa mpiga upanga wa kuchorwa, katika manga, hadithi ya picha ya Kijapani iliyotoka wiki baada ya wiki kwa miaka na miaka. Sifuna alianza kumsoma akiwa mdogo kule Matulo, kidevu begani mwa kaka yake Wakhungu, kwenye simu moja iliyopasuka kioo. Wakhungu alimtafsiria Kiingereza kwa Kibukusu na kumwigizia sauti za wote, hata za farasi. Wakakua. Sifuna akaja Kitale kuuza vipuri katika duka la kina Manpreet, Wakhungu akabaki Webuye akipasua mbao. Sura mpya ikitoka, walipigiana simu kuibishania. Halafu kifua kikamshika Wakhungu, na Agosti iliyopita kikamwua kabla hadithi haijaisha. Hakuwa ameoa, hakuacha mtoto.

Mazishini Sifuna hakulia. Alikimbizana na hema, viti na jeneza, watu wakamsifu kwa ukakamavu, naye akazikubali sifa hizo.

Kisha sura ya mwisho ikatoka. Tamoru, aliyekuwa akimtafuta dada yake tangu sura ya kwanza, aliuawa kwa mshale wa mgongoni katika ukurasa mmoja tu, na kurasa zote zilizobaki zikaenda kwa harusi ya adui yake.

"Bana, wametuchezea," Manpreet alisema dukani, simu mkononi. "Miaka yote hiyo, ati ukurasa mmoja? Hata hawajamzika."

"Hata hakuna mtu amemlilia," Sifuna akasema, na papo hapo, mbele ya wateja, akaangua kilio.

Akalia hata nyumbani kwake Kibomet, hapo hapo Kitale. Akasusa ugali. Mkewe Edah, mimba imemlemea, alimtazama kwa wivu ambao aliona haya hata kuutaja. Afadhali angekuwa mke mwenza, angalau wangevutana nywele. Huyu wa kuchorwa angemshika wapi?

"Mimi nikiumwa unaniambia ninywe maji," alimwambia. "Huyu wa simu ndio unamlilia hivi?"

"Huwezi kuelewa, Edah."

"Si unieleze basi."

Sifuna akarudi kwenye simu yake.

Mtoto akazaliwa, mvulana, na kilio chake. Alilia akinyonyeshwa, akalia akiogeshwa, majirani wakaanza kugonga ukuta. Nabwile, mama yake Sifuna, akaja kutoka Matulo, na yeye alijua la kufanya. Kwao mtoto wa namna hiyo anadai jina. Kuna marehemu wa ukoo anayetaka kukumbukwa, basi wakubwa huyaita majina ya waliokufa, moja baada ya jingine, mpaka mtoto anyamaze. Lile analolinyamazia ndilo lake. Nabwile akaita mababu, akaita wajomba, akaita hadi wale ambao hakuwahi kuwaona. Mtoto akazidi. Jina la Wakhungu hakuligusa. Nani atampa mjukuu jina la kijana aliyekufa bila mke wala mtoto? Na kusema kweli, ulimi wenyewe ulikuwa haujapona.

Sifuna, macho mekundu kwa kukosa usingizi, akasema kwa mzaha, "Au ni Tamoru."

Mtoto akanyamaza. Katikati ya mlio, kama redio iliyochomolewa.

Nabwile akauliza Tamoru ni wa upande gani. Sifuna akacheka, akasema ni rafiki wa zamani, akambeba mwanawe kwa furaha ambayo Edah hakuwa ameiona kwa miezi mingi. Jina likabaki hilo. Manpreet alileta fulana ndogo yenye uso wa Tamoru kifuani, na Nabwile akarudi zake Matulo.

Tangu hapo mtoto hakulia tena. Hakulia kwa njaa, hakulia kwa mkojo. Kliniki alipodungwa sindano alifungua kinywa wazi, shingo ikavimba, machozi yakatiririka, lakini sauti haikutoka. Nesi akamsifu kwamba ni jasiri. Lakini Edah alikuwa ameona mashavu ya mwanawe yamebonyea pande zote mbili, kama yameshikwa.

Mtoto akaanza kukonda. Kila asubuhi Edah alimpangusa vumbi laini la rangi ya chai ya maziwa midomoni, vumbi la mbao, na katika nyumba ile hakukuwa na mbao zaidi ya kitanda. Halafu harufu, ya mti uliopasuliwa sasa hivi, mbichi na yenye utomvu, ikawa inaingia kila Sifuna anapotaja jina la mtoto. Siku moja Edah alikuta fulana ya Tamoru kwenye kamba ya nguo imetobolewa kifuani. Uso tu ndio uliokuwa umeondolewa, na kingo za tundu zilikuwa na meno meno ya msumeno.

Wakamwita mchungaji. Akaweka mkono juu ya mtoto, akasema hili ni jini, akalikemea litoke. Kikohozi kikamshika palepale, kikohozi kirefu cha kifuani, akaondoka bila kunywa chai.

Edah akampigia Nabwile. "Mayi, kuja. Mtoto anakwisha."

Nabwile alifika alasiri, mvua ya Kitale ikianza kupiga mabati. Mlangoni akasimama, akavuta pumzi, leso ikamponyoka.

"Nani anapasua mbao humu ndani?"

"Hakuna, Mayi."

"Hii ni harufu ya mwanangu." Akaketi kitandani, akamwangalia mtoto, akanong'ona, "Si jini. Jini angekuwa afadhali, jini hufukuzwa. Huyu ni wetu, tutamfukuza aende wapi? Siku ile mtoto hakukubali jina, Sifuna. Aliyekuwa akingojea jina lake alisikia limeitwa la mtu mwingine, akamziba mdomo."

Sifuna alitaka kubisha, ila mvua ilizidi, na katika kishindo cha mabati wakasikia kingine, msumeno ukienda na kurudi, polepole, chini ya kitanda, kisha nyuma ya pazia, kisha nyuma ya shingo ya Sifuna kabisa, na baridi ikampanda, na unga wa mbao ukaanza kushuka kutoka hewani ukitua mabegani mwake, na sauti aliyoijua kuliko sauti yake mwenyewe, sauti iliyokuwa ikimsomea huko Matulo, ikamuuliza kwa upole,

"Iliishaje?"

Edah aliisikia. Nabwile aliisikia, akafumba macho.

"Ilikuwa mbaya," Sifuna akasema, meno yakigongana. "Alikufa. Ukurasa mmoja tu."

"Nani alimlilia?"

Sifuna akaanza kujipangusa unga mabegani.

"Nimeuliza nani alimlilia."

"Mimi."

"Na mimi, je?"

Mashavu ya mtoto yakabonyea, yakabonyea zaidi, midomo ikageuka bluu, na Edah akawa anakwangua hewa juu ya uso wa mwanawe akitafuta vidole ambavyo havikushikika, akimwita Yesu, akimwita mama yake, akimwambia Sifuna mjibu, mjibu, huyu mtoto anakufa, mjibu. Sifuna akapiga magoti. Kile alichokikimbia kwa hema na viti kikamshukia chote. Akalia kilio cha mtu mzima, kibaya, bila kujifuta kamasi.

"Wakhungu," akasema. "Nisamehe, Wakhungu. Chukua jina lako. Chukua, ni lako."

"Inatosha," Nabwile akamnong'oneza, akimshika bega. "Usiongeze."

Lakini Sifuna alikuwa baba, na mtoto bado alikuwa bluu. "Sitamlilia mwingine tena," akaongeza. "Wewe tu. Naahidi."

Msumeno ukakoma. Mtoto akavuta pumzi, akalia, kilio kikali cha kupasua masikio, na sijui kama Kibomet iliwahi kusikia kelele iliyopokewa kwa shukrani kama ile. Nabwile aliimba. Majirani waligonga ukuta na hakuna aliyejali.

Jioni hiyo mvua ilikuwa imekatika. Nabwile alikuwa jikoni akipepeta maharagwe. Edah alimnyonyesha mtoto, naye akanyonya vizuri, kwa uchu wa mtoto mzima wa afya. Sifuna aliketi kando yao, macho bado yamevimba. Edah aliyatazama macho yale, na ule wivu wake wa zamani ukamgusa. Sasa aliweza kuusema.

"Na mimi nikifa," akauliza kwa sauti ya chini, "utanililia hivyo?"

Sifuna akafungua mdomo aseme ndiyo.

Mtoto akaachia ziwa. Akageuza kichwa, akamtazama Edah kwa makini.

"Hapana," akasema. "Alishaniahidi mimi."