Siku Tisini za Setilaiti Mbili

Delphine Archuleta alipigwa kikumbo kwenye foleni ya chakula cha mchana, katikati ya mji wa Boulder, kahawa ikamwagikia sweta yake nyeupe. Hakuuliza. Aligeuka akamtandika kiwiko aliyekuwa nyuma yake, mwanamume mrefu wa shati la drafti.

"Si mimi, dada," alisema Wendell Haugen, akicheka huku damu ikimtoka mdomoni. "Ukitaka kunipiga tena, ninunulie burito kwanza."

Mapenzi yao yalianza hivyo. Delphine alitunza setilaiti kuukuu iliyopima mwanga wa jua unaorudishwa na dunia kwa miaka ishirini na miwili. Wendell aliunda setilaiti mpya ya kuirithi. Hakuna vifaa viwili vinavyoona sawasawa, kwa hiyo lazima vitazame pamoja kwa miezi sita vilinganishwe. Cha zamani kikizimwa mapema, vipimo vinakatika, na hakuna fundi wa kuviunga tena.

Mwezi wa tatu wa kulinganisha, simu ya Delphine ililia. "Bosi Lyman ameamuru chombo chako kizimwe kesho, kuokoa pesa," alisema mwenzake wa zamu. "Karatasi ya idhini ina sahihi ya Wendell wako."

Delphine alifika kwa Wendell na viatu vya ndani. Sahani zilivunjika, kisha pua ya Wendell, kwa kikaango.

"Nimelala na msaliti."

"Sikusaini kitu, mpenzi. Lyman ameighushi."

Delphine alimwamini, maana Wendell hajui kudanganya hata kwenye karata. Lakini Wendell alishatoka, pua ikivuja. Alimkuta Lyman ofisini akamvunja mbavu tatu mbele ya watu.

Lyman alimwita Delphine hospitali. "Waambie polisi kwamba sikumkosea Wendell. Sahihi usiitaje. Nawe ukifanya hivyo, nitaiacha setilaiti yako iwake siku tisini zilizobaki."

Delphine alimpigia Wendell mahabusu, akilia kwa hasira. "Siwezi. Watakufunga."

"Waambie, malkia wangu. Mimi nikifungwa, nitatoka utanipata. Ile miaka ishirini na miwili ya vipimo ikikatika, huipati."

Aliwaambia. Hakimu akampa Wendell miezi mitatu, na kwa miezi hiyo setilaiti zote mbili ziliitazama dunia, hata kulinganishwa kukakamilika.

Wendell alipotoka, Delphine alikuwa langoni, gauni jekundu, macho yamevimba. Alimzaba kofi.

"Hilo la nini sasa?"

"La kunifanya niseme uongo." Akamkumbatia kwa nguvu hadi akaguna. "Nioe, mjinga wewe. Kesho naenda polisi kusema kweli, na sitaki kwenda peke yangu."