Mtoto Aliyekaa Kwenye Kigoda

Kabla hakujapambazuka, mfuniko wa birika ulianza kugongagonga jikoni. Chapuchapu aliusikia akiwa amejifunika shuka mpaka puani. Siku zote mfuniko ukigonga hivyo, sauti ya Mama hufuata: "Chapu, maji hayo yatakauka." Leo uligonga, ukagonga, wala sauti haikuja. Yalisikika makofi mawili tu.

Alimkuta Mama amesimama jikoni, kitambaa shingoni, akionyesha koo kwa kidole. Sauti ilikuwa imekwenda na mafua. Zilibaki pumzi zenye mikwaruzo.

Mama alikuwa mhudumu wa makumbusho ya sanaa, yale yaliyofungwa tangu paa lilipoanza kuvuja. Kwa miezi saba mafundi walikuwa juu ya paa, na michoro ilikuwa ndani ya masanduku. Mkuu wa makumbusho hakutaka watu wasahau njia ya kwenda kwake. Akawapa wahudumu picha za michoro hiyo, na kila alasiri waliwapigia simu watu waliozoea kuja, hasa wazee na wagonjwa, wakawasimulia mchoro mmoja. Aliyependa alitengeneza kitu kutokana na alichosikia: huyu alishona, yule alifinyanga. Siku ya kufungua, kazi hizo zingewekwa kando ya michoro yenyewe.

"Leo utapiga simu wewe badala yangu," Mama alinong'ona. "Ni Babu Randa tu. Wengine watangoja, lakini yeye ameshaandaa mti wa kuchonga. Iangalie picha kwanza, Chapu. Iangalie kwelikweli, ndipo upige."

Babu Randa alikuwa seremala mstaafu, na macho yalikuwa yamemwisha kitambo. Chapuchapu naye, mwenye miaka kumi na miwili, alilipata jina lake kwa sababu alikula, akaoga na kuandika kazi za shule kama mtu anayefukuzwa.

Alasiri ile hakuwa na raha ya kukaa. Nje kamba ya kuruka ilikuwa inapiga chini, tap, tap, na rafiki zake walikuwa dirishani.

"Chapu, unakuja au tumpe mwingine zamu yako?"

"Nakuja, nakuja."

Aliivuta picha nusu tu kutoka kwenye bahasha, akabonyeza namba. "Shikamoo, Babu. Mama hana sauti leo. Kuna mwanamke anashona kwa cherehani. Amevaa gauni la bluu, ameinama."

"Marahaba, mjukuu wangu. Pole pole basi. Kando yake pana nini?"

Chapuchapu alichungulia. Ukingo wa bahasha ulikuwa umeishia kwenye miguu ya kitu fulani. "Pana kigoda."

"Kitupu, au kina mtu?"

Kamba ilipiga chini. "Kina mtoto," alisema.

"Ahaa. Anatazama wapi?"

"Anamtazama mama yake."

"Asante sana. Umenipa kazi nzuri."

Chapuchapu alipoirudisha picha, bahasha ilimponyoka na picha ikateleza yote mezani. Kwenye kigoda hapakuwa na mtoto. Palikuwa na kitambaa kilichokunjwa, basi. Aliikodolea macho. Simu ilikuwa bado mkononi, lakini dirishani walimwita tena, akajiambia, nani atajua? Akatoka. Alijikwaa kwenye kamba mara tatu.

"Leo miguu umeazima kwa nani?" rafiki yake alimtania. Wote walicheka isipokuwa yeye.

Sauti ya Mama ilirudi baada ya siku tatu. Utulivu wa Chapuchapu haukurudi. Alifungua daftari akalifunga. Alikaa akasimama. Kila simu ilipolia, alikimbilia uani. "Babu Randa ananificha kazi yake," Mama alisema akicheka. "Anasema nitaiona ikishakamilika." Chapuchapu alijifanya anatafuta kalamu chini ya meza.

Wiki mbili zikapita. Alhamisi, siku mbili kabla ya kufungua, gari la makumbusho lilizunguka kukusanya kazi za watu. "Babu Randa ameomba uje," Mama alimwambia. "Jitengeneze."

Chumba cha mzee kilinukia mbao. Juu ya meza palikuwa na umbo la mwanamke na cherehani yake, vimechongwa katika kipande kimoja cha mti. Karibu yake, kwenye kigoda, alikaa mtoto. Shingo yake ilikuwa imenyooka na uso umeinuliwa, na ilionekana wazi kwamba kumchonga yeye ndiko kulikomchukua Babu siku nyingi.

Mama aliitoa picha kwenye bahasha. Alitazama picha, akatazama mti, kisha akamgeukia binti yake.

"Mbona kimya?" Babu aliuliza. "Nimekosea wapi?"

"Hujakosea, Babu," Chapuchapu alisema. "Ni mimi. Kigodani hapana mtoto, pana kitambaa tu. Sikuitoa picha yote, nilitaka kwenda kucheza. Halafu nikajua, nikanyamaza."

Babu alimgusa yule mtoto wa mti usoni, polepole. "Jumamosi watu wangesimama hapo waseme, maskini, mzee haoni. Na mimi ningewashukuru, nikidhani wananisifu."

Machozi yalimtoka Chapuchapu. Nje dereva alipiga honi. Mama alichungulia mlangoni.

"Tupe nusu saa, kaka."

"Mama, nina nyumba nne bado," dereva alijibu.

"Basi zima gari upumzike, umechoka."

Babu alikuwa ameshachukua msumeno mdogo. "Njoo ushike hapa," alimwambia Chapuchapu. Msumeno ulipita kifuani mwa mtoto, na unga wa mti ukamwagikia vidole vya Chapuchapu. Kichwa kilipoanguka mezani, hakuthubutu kukitazama. Kwenye kigoda kilibaki kipande cha chini, na Babu alikipapasa, akakipima. "Hiki kinatosha kuwa kitambaa."

Mama aliketi karibu na binti yake. "Milango yetu imefungwa miezi saba, Chapu. Tulichobaki nacho cha kuwafikia watu ni maneno yetu. Ukisema uongo, na huo mlango umeufunga."

"Na mtu asiyeona akikuuliza," Babu aliongeza, "hataki umfurahishe. Anataka uangalie. Kama hujaona, sema hujaona, nitangoja." Alichukua patasi. "Haya, nisimulie hicho kitambaa kilivyo."

Chapuchapu alijifuta macho. Aliichukua picha kwa mikono miwili, akaisogeza dirishani penye mwanga. Honi ililia tena, hakugeuka. Aliangalia mpaka Mama akadhani amesahau alichoombwa.

"Kimekunjwa mara mbili, Babu, na upande mmoja bado haujashonwa."