Kikombe chenye Uzi Mwekundu

Kila asubuhi, Mama akishatoka kwenda kiwandani, Shangazi ndiye aliyetutilia chai. Vikombe vyetu vya bati vilifanana, ila cha mdogo wangu kilifungwa uzi mwekundu kwenye kishikio chake. Shangazi aliufunga baada ya mdogo wangu kuanguka sebuleni, akatetemeka na kutokwa na povu mdomoni.

"Hiki msikiguse," alituonya, akikishika kwa kitambaa kama panya aliyekufa. "Ukigusa povu la kifafa, nawe umekwisha."

Kumbe nyani haoni kundule. Shangazi huyohuyo alitoka chooni, akajifuta mikono kwenye nguo yake, akaanza kutukatia mkate. Chini ya kucha zake mlikuwa na weusi wa jana na juzi. Niliona kinyaa, lakini ningemwambiaje mtu mzima? Nilikula ule upande ambao hakuushika.

Mdogo wangu alikula peke yake uani.

"Dada, kwani mimi nanuka?" aliniuliza.

Alipoanguka tena, Mama aliomba ruhusa kazini, tukaenda hospitali. Shangazi naye alifuatana nasi. Alitaka daktari aseme mtoto aachishwe shule, asije akawaambukiza wenzake.

Daktari wa ubongo alituonyesha picha ya kichwa cha mdogo wangu. "Mnaona hivi vidoa? Ni vifuko. Ndani yake mna watoto wa tegu, yule mnyoo mrefu wa tumboni."

"Kifafa kina sababu nyingi, na nyingine hatuzijui," aliendelea. "Cha huyu kimeletwa na mayai ya tegu. Hutoka kwenye kinyesi cha mtu mwenye mnyoo huo, yakaingia kwenye chakula kwa mikono michafu. Nyumbani anapika nani?"

"Shangazi," alisema mdogo wangu, mtoto asiye na hila. "Ananawa kwa nguo yake."

Tulipewa vikopo, kila mtu alete choo chake kipimwe. Shangazi alisonya. "Utu uzima wote huu, nibebe mavi yangu njiani?" Aliyabeba, kikopo kikiwa ndani ya mifuko mitatu. Majibu yalipotoka, sisi tulikuwa salama. Cha Shangazi kilikuwa na mayai ya tegu.

"Unakula nyama ya nguruwe isiyoiva vizuri? Ndiyo inayoleta tegu huyu," daktari alimuuliza.

"Ikiiva sana inakuwa ngumu," alijibu kwa sauti ndogo. "Na lile povu, je?"

"Povu ni mate tu, haliambukizi kifafa. Akianguka, mlaze ubavu, usimtie kitu mdomoni, ukae naye mpaka azinduke. Na shule aende."

Mdogo wangu alianza dawa, na baada ya miezi kadhaa hakuanguka tena. Shangazi naye alipewa dawa yake. Alichokitoa chooni sikisimulii, maana mtashindwa kula.

Siku hiyohiyo alikata kucha. Akaufungua ule uzi mwekundu, akautumia kutundikia sabuni mlangoni mwa choo. Kisha akaweka sahani moja mezani.

"Njoo tule pamoja, baba," alimwita mdogo wangu. "Nilikikimbia kikombe chako, kumbe uchafu nautembeza mwenyewe. Wa kuogopwa ni mkono usionawa, si mgonjwa."

Mdogo wangu hakusogea. "Umenawa, Shangazi?"

Shangazi akanyoosha mikono yake, ingali imelowa, akaigeuza mbele na nyuma. Mdogo wangu akaikagua kidole kwa kidole, ndipo akakaa.