Dada wa Milimani

Mwizi aliacha saa ya dhahabu juu ya meza, akaacha na pochi kando yake, akaiba vichwa vinne vya jiko la gesi.

Inspekta Fosco Tamburrini aliinama juu ya jiko lenyewe. Vile vipande vya duara vyenye vitundu, ambavyo moto hutokea, havikuwepo. Yalibaki matundu manne yaliyomkodolea macho. Pembeni, kilo tatu za kome zilikuwa ndani ya beseni la maji zikisubiri sufuria.

"Umewahi kuona wizi wa namna hii?" aliuliza Bi Ludovica Vaccarino.

"Bado, mama."

"Basi umeuona."

Ilikuwa saa tano na nusu asubuhi, tarehe kumi na tano Agosti, sikukuu ya Ferragosto, ambayo nchi nzima huwa ama baharini ama mezani. Kituo kizima cha polisi cha Porto Venanzo kilikuwa baharini. Fosco peke yake ndiye aliyekuwa zamu, na hata yeye tumbo lilikuwa limeanza kumkumbusha habari za mezani.

Bi Ludovica hakuwa mtu wa kuahirishwa. Kabla ya kustaafu alikuwa mkuu wa ukaguzi wa majengo mjini Torino kwa miaka thelathini, na sauti ya ofisi haikuwa imemtoka. Yeye na mumewe, Mhandisi Ermanno, walikodi fleti hii ya ghorofa ya pili kila Agosti. Mwaka huu ulikuwa wa kumi na moja.

"Nani ana ufunguo?" Fosco aliuliza.

"Mimi, mume wangu na mwenye nyumba, Bi Nazzarena."

"Na huyo yuko wapi?"

"Kwa dada yake, milimani," alisema Bi Ludovica, bila kupepesa macho. "Kila kiangazi huenda kwa dada yake. Sasa nisikilize, Inspekta. Nataka maelezo yenye saini ya kila mtu aliyekuwa ndani ya jengo hili kati ya saa tatu na nusu na saa tano. Jina, alikuwa wapi, alifanya nini. Nitakuja kituoni saa saba kuweka yangu."

Fosco alitazama sakafu, kana kwamba angeweza kuona kilicho chini yake.

Chini ya jengo kulikuwa na gereji nane. Kwa mujibu wa manispaa, gereji ni ya gari. Kwa mujibu wa wakazi wa mtaa huo, Mtaa wa Misonobari, kuanzia Juni hadi Septemba gereji ni chumba cha kulala, jiko, sebule na mahali pa kuchezea karata, kwa sababu wenye fleti huwaachia wageni wa likizo nyumba zao, nao hushuka chini na vitanda na picha zao za Bikira Maria. Mgeni akiuliza, jibu ni moja mtaa mzima: tunahamia kwa dada yetu milimani. Fosco mwenyewe alilala gereji namba nne kila kiangazi mpaka alipojiunga na polisi. Mama yake, Iolanda, alikuwa humo mpaka leo, na dada hana.

Akiandika ukweli, kesho yake manispaa ingekuja na minyororo na kufuli. Akiandika uongo, ungekuwa uongo wa kwanza kwenye jalada lake kwa miaka kumi na minne ya kazi. Alikuwa na saa moja na nusu ya kumpata mwizi.

Akarudi kwenye jiko. Mlango haukuvunjwa. Vyuma vya kuwekea sufuria vilikuwa vimerudishwa mahali pake, vimenyooka. Tena mwizi alikuwa amefunga bomba la gesi ukutani, jambo ambalo wezi hawalijali. Nyuma ya mlango wa bafu palikuwa na kulabu mbili. Moja ilikuwa na koti la taulo la kike. Ya pili ilikuwa tupu, na ukutani kando yake palikuwa na alama ya vidole viwili vyenye masizi mabichi.

"Hapa huwa panatundikwa nini?"

"Koti la taulo la mume wangu. Amelivaa kwenda ufukweni, nadhani. Yuko kule anasoma gazeti. Hajui lolote, maskini."

Fosco alishuka ngazi.

Jengo lilikuwa kimya, milango yote ya gereji imefungwa, na kutoka katika jengo hilo tupu ilikuwa inatoka harufu ya sungura wa kuoka kwa kitunguu saumu na shamari. Akagonga mlango namba mbili.

"Nani?"

"Polisi."

Ikajibu sauti ya mwanamke, "Hakuna mtu."

"Bi Nazzarena, ni mimi, Fosco."

"Si ungesema tangu mwanzo? Ingia upesi, ufunge. Harufu inatoka."

Ndani walikuwa watatu. Bi Nazzarena, umri wake miaka sabini na tisa, alikuwa anasukuma unga uliokandwa kwa mayai, umefunika meza nzima, tayari kukatwa tambi. Elpidio, kinyozi mstaafu wa gereji namba sita, alikuwa anachanganya karata. Na Iolanda, mama yake Fosco, alikuwa anamwagia sungura divai nyeupe.

Fosco akatoa daftari. "Bi Nazzarena, leo asubuhi, kuanzia saa tatu na nusu, ulikuwa wapi?"

"Kwa dada yangu."

"Bi Nazzarena, una unga mpaka kwenye viwiko."

"Kwani milimani hakuna unga?"

"Elpidio?"

"Mimi nilimsindikiza."

"Mama?"

"Mimi nilikuwa kwa dada yangu pia," alisema Iolanda.

"Mama, wewe huna dada."

"Ndiyo maana hatujawahi kugombana."

Elpidio akacheka mpaka karata zikamponyoka. Fosco hakucheka, ingawa mdomo ulitaka. Akawaeleza jambo lenyewe: vichwa vya jiko, bomba lililofungwa, maelezo yenye saini.

"Ufunguo wa tatu ni wako, Bi Nazzarena. Ikifika saa saba sina mwizi, jina la kwanza kwenye jalada ni lako. Na baada ya jina huandikwa mahali unapolala."

Bi Nazzarena akaacha kusukuma. Uso wake ulififia ghafla, na Fosco akamwonea huruma.

"Yule mama kazi yake ilikuwa kufunga gereji," alisema Bi Nazzarena polepole. "Miaka kumi na moja nanyata kama panya kwenye nyumba yangu mwenyewe. Sasa unaniuliza kama polisi, au kama mtoto wa Iolanda?"

"Kama polisi."

"Basi sikuwepo."

Fosco akachomeka kalamu mfukoni, akavuta kigoda, akakaa. "Haya. Tuseme tu. Tuseme ungekuwepo."

Wale watatu wakatazamana.

"Ningekuwepo, na sisemi nilikuwepo," alianza Bi Nazzarena, "ningekuwa nimekaa hapa, mlango nimeuacha wazi kiasi cha mkono. Na saa nne kasoro ningemwona Mhandisi anarudi kutoka ufukweni peke yake."

"Na kaptura tu," aliongeza Elpidio. "Halafu baada ya robo saa angeshuka amevaa lile koti lake la taulo. Jua lote hili."

"Na mifuko inagongana," alisema Iolanda. "Ungesikia, ungedhani amebeba sufuria."

"Aliwaamkia?"

"Yeye? Hupita ameangalia ukuta, mwanangu. Mwaka wa kumi na moja huu. Mtu wa adabu kweli, anajua hatupo."

Fosco akasimama. Hakuwa na maelezo yenye saini hata moja, ila alikuwa na mtuhumiwa.

Ufukweni palikuwa hapatoshi hata pa kutia mguu. Vitoto vinapiga kelele, akina mama wanakata tikiti maji, redio nne zinashindana. Mstari wa tatu, mwavuli namba ishirini na saba, mzee mwembamba alikuwa amekaa wima ndani ya koti zito la taulo, kifungo cha juu kimefungwa, jasho linamdondoka puani hadi kwenye gazeti. Gazeti alikuwa amelishika juu chini.

"Mhandisi Vaccarino?"

"Naam."

"Inspekta Tamburrini. Husikii joto?"

"Kidogo."

"Naomba nione mikono yako."

Mzee aliitazama mikono yake mwenyewe. Kucha zilikuwa nyeusi kwa masizi. Akalikunja gazeti vizuri, akaliweka kando.

"Ni bomba la gesi lililonisaliti?" aliuliza.

"Hilo na kulabu."

"Singeweza kuliacha wazi. Ni hatari."

Akatia mkono mfukoni, akatoa kichwa kimoja cha jiko, kisha cha pili, akavipanga kwenye kiti cha kitambaa. Viwili vingine vikatoka mfuko wa kushoto. Fosco alikaa kando yake.

"Kwa nini, Mhandisi?"

Mzee alijibu akiitazama bahari.

"Roshani yetu iko juu ya ua wao. Kila saa saba mchana nasikia vijiko. Baadaye karata. Nawajua wote kwa sauti. Najua mguu wa Elpidio humuuma mvua ikikaribia. Najua Iolanda ana mtoto polisi, na kwamba hali vizuri."

Fosco akakohoa.

"Najua Bi Nazzarena hukohoa kila anaposhika turufu kubwa, na Elpidio mpaka leo hajagundua. Elpidio ananitia uchungu, maana hufungwa kila siku. Mimi niko juu, nina vyumba vitatu, naiona bahari yote, tunakula wawili, tunaambiana nipe chumvi. Miaka kumi na moja nimetamani kushuka."

"Si ungegonga tu."

"Nigonge wapi, Inspekta? Mlango wa watu wasiokuwepo?" Alitikisa kichwa. "Nikigonga, nimewaambia kwamba nimewajua. Na wao wanajua mke wangu alikuwa nani. Wasingelala tena. Nikafikiri: leo Ferragosto, maduka yamefungwa, mikahawa imejaa. Jiko likikosa moto, lazima mtu atuhurumie. Sikufikiria kwamba mke wangu angepiga simu polisi. Mhandisi mzima, hesabu hiyo sikuipiga."

Fosco alitaka kukasirika, akashindwa. Mzee alikuwa amelowa chapachapa ndani ya taulo lake, naye alikuwa na haya ya mtoto.

"Inuka, twende," alisema. "Na uvue hilo koti kabla hujazimia."

Walipofika Mtaa wa Misonobari, Fosco alisimama ghafla. Bi Ludovica alikuwa chini, mbele ya gereji namba mbili, beseni la kome kiunoni. Akagonga.

"Hakuna mtu," ilijibu sauti ndani.

"Ludovica!" aliita Mhandisi. Akampita Fosco akikimbia na kandambili zake. "Waache hao. Ni mimi."

Akavitoa vichwa vya jiko, akaviweka kimoja kimoja ndani ya beseni, juu ya kome. Bi Ludovica alivitazama, kisha akamtazama mumewe, kuanzia kucha hadi uso.

"Wewe? Kwa nini?"

"Nilitaka kula nao."

Kisha mlango namba mbili ukainuka kiasi cha mkono, ukatulia, halafu ukafunguka wote kwa kishindo. Bi Nazzarena alisimama pale na unga wake, kidevu kiko juu.

"Haya, mimi ndiye wa humu," alisema. "Nalala humu, napika humu. Andikeni mnachotaka, ila mzee wa watu msimwonee kwa ajili ya tambi."

Bi Ludovica alitazama ndani. Aliona kitanda, friji, Bikira Maria na taa yake ndogo, meza iliyotandikwa. Fosco alishika daftari, na kwa mara ya kwanza katika kazi yake akatamani kalamu iishiwe wino.

"Dada yako hajambo?" aliuliza Bi Ludovica.

Bi Nazzarena akajipangusa unga mikononi. "Hajambo."

"Kahawa yake huchemka saa kumi na mbili kamili, chini ya dirisha langu. Naisikia harufu tangu mwaka wa kwanza." Sauti ya ofisi ilikuwa imemtoka sasa. "Mimi nimekagua majengo miaka thelathini, mama. Mlidhani siwezi kukagua lililo chini ya miguu yangu? Sikusema kitu. Nikasubiri mnikaribishe. Hamkunikaribisha. Leo nakuta jiko halina vichwa, nikasema: basi, sasa wamefikia kuninyima hata moto. Ndipo nikaita polisi. Iliniuma. Kisha nikaona kome zinaharibika bure, nikashuka kugonga mwenyewe."

"Tulikuogopa," alisema Bi Nazzarena.

"Najua. Kila mtu huniogopa. Inachosha."

Iolanda akatokea nyuma na mwiko mkononi. "Jamani, sungura anakauka. Mnaingia au mnalia nje?"

Bi Ludovica akajipangusa jicho kwa kiwiko. "Inspekta, andika. Vitu vimepatikana, silalamiki tena."

"Lazima niandike vimepatikana wapi."

"Kwa dada yake Bi Nazzarena. Milimani."

Fosco alifikiri kidogo, kisha akaandika: *Mlalamikaji amesema vitu vyake vimepatikana kwa dada wa mwenye nyumba, milimani.* Halikuwa neno la uongo, kwani ndivyo mlalamikaji alivyosema. Akampa aweke saini, akafunga daftari, akavuta kiti.

Kome zilipikwa kwenye jiko la gereji, zikaliwa kabla ya tambi, kinyume cha utaratibu wote. Mhandisi alikula sahani tatu, akaomba na mkate wa kufutia mchuzi. Iolanda alimjazia mwanawe sahani mara mbili bila kumuuliza, akisema mbele ya watu kwamba hali vizuri. Saa tisa meza ikafutwa, Elpidio akagawa karata, Mhandisi akakaa upande wake kama mwenzi. Bi Ludovica alikuwa ameupa mchezo mgongo, anaosha vyombo, mikono yote miwili ndani ya povu.

Elpidio akanyanyua karata yake nzuri ili aitupe. Bi Nazzarena akakohoa.

"Bwana Elpidio, irudishe hiyo," alisema Bi Ludovica bila kugeuka. "Ana turufu."

Bi Nazzarena akazikumbatia karata zake kifuani. Mhandisi akamgeukia mkewe taratibu.

"Wewe nawe ulikuwa unawasikiliza?"

"Ermanno," alisema, akisuuza sahani, "kwenye ile roshani kuna viti vingapi?"