Salamu kwa Msumeno wa Masele

Kila mchana akitoka shule, Milembe alipita nyumbani kuchukua michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, na maziwa ya mgando, akampelekea mjomba wake Ngeleja kwenye karakana ya useremala karibu na soko la Bariadi.

Enzi hizo soko huria lilikuwa limeruhusiwa, na wanunuzi binafsi wa pamba walijaa mjini. Mmoja wao, jirani wa karakana, alikuwa na jenereta, naye aliwauzia mafundi umeme kwa waya uliopita juu ya ukuta. Jenereta ilipozimwa ili iongezwe mafuta, mashine zote zilinyamaza.

Lakini msumeno wa meza ulikuwa na mambo yake. Mwaka uliotangulia ulimjeruhi Masele, baba yake Milembe, akafa kabla ya kufikishwa hospitali. Hakuna aliyeona ilivyotokea. Tangu hapo, mafundi wakiwa nje wanakula, mara kwa mara msumeno ulijiwasha wenyewe ndani. Ngeleja alivua kofia na kusema taratibu, "Mwadila, Masele." Wenzake walirudia salamu hiyo ya Kisukuma, wakasubiri kidogo, ndipo wakaingia kuuzima.

Milembe hakuogopa. Mlio ule ulianza chini kisha ukapanda, kama baba yake alivyokuwa akiimba huku akipiga randa. Aliusogelea mlango na kunong'ona habari za shule.

Siku moja jenereta ilizimika Bundala akiwa katikati ya kupasua ubao. Bundala, msaidizi wa Ngeleja, alikuwa mtu wa mizaha. "Tumbo langu lenyewe halijazimika!" alisema, akatoka kwenda kula.

Milembe aliingia kuchukua kikombe cha maji, akaiona swichi ya msumeno. Ilikuwa bado imewashwa. Aliitazama mpaka akaelewa: umeme ukirudi, msumeno ungewaka wenyewe. Angeweza kuizima, lakini akiizima, baba hatasema. Akatoka kimya. Punde mlio ukapanda, na mjomba akavua kofia. Siku hiyo Milembe hakunong'ona kitu, na usiku usingizi ulimpaa.

Kesho yake jenereta ilizimika tena, ubao ukiwa umekwama kwenye meno ya msumeno. Bundala akainama, akaushika kwa mikono miwili na kuanza kuuvuta.

"Kaka Bundala, toa mikono!"

"We mtoto, umeme haupo. Au baba yako ataning'ata?"

Ng'ambo ya ukuta jenereta ikakohoa. Milembe aliruka, akaizima swichi. Jenereta ikanguruma, taa ya karakana ikawaka. Msumeno ukabaki kimya.

Ngeleja alikuwa mlangoni, kofia mkononi, akisubiri. "Mbona leo hasemi?" aliuliza.

"Nimemzima, mjomba." Milembe aliionyesha swichi. "Ilikuwa imewashwa. Hata jana ilikuwa hivyo, nikanyamaza. Nilitaka kumsikia."

Bundala alivitazama vidole vyake kimoja kimoja. Mzaha ulimwishia.

Ngeleja aliketi juu ya rundo la mbao. "Siku ile tuliukuta ubao umekwama humu humu," alisema polepole. "Kumbe Masele naye alikuwa anautoa. Umeme ukarudi, mikono yake ikiwa hapo. Na sisi mwaka mzima tunausalimu msumeno, hatuulizi umewashwa na nani."

"Basi baba hatasema tena?"

"Hakuwa anasema, mayu, mama yangu. Ulikuwa uzembe wetu unaonguruma." Akamvuta karibu. "Sikilizeni wote wawili. Mashine haijui kama umeenda kula au umeingiza mkono. Umeme ukikatika, zima swichi, chomoa plagi, ndipo uguse meno. Usiseme umeme haupo, maana hakuna anayekupigia hodi kabla haujarudi. Na wewe, ukiona hatari, sema siku ile ile, hata kama kusema kunakuuma. Jana kimya chako kingeweza kumzika mtu."

Milembe aliitikia kwa kichwa, machozi yakimtiririka.

"Ukitaka kumsikia baba yako, niulize mimi. Tulichunga naye ng'ombe kule Mwamapalala. Aliwahi kupanda fahali wa mwalimu wa dini, akaangukia kisimani."

Milembe alicheka huku analia. "Kisimani? Ikawaje?"

"Ngoja, fundi, usianze," Bundala alisema. Alichomoa plagi kwanza, ndipo akaja kuketi chini asikilize.