Saa za Ukutani

Fundi saa alipooa, mkewe alilalamika wiki nzima. Ukutani kulikuwa na saa kumi na moja, na kila moja ililia kivyake.

"Bwana wee, nimeolewa na wewe au na hizi saa?" aliuliza.

Fundi alicheka, kioo chake kidogo cha kukuzia kikiwa bado jichoni. "Utazoea," alisema.

Kweli alizoea. Lakini mazoea yana taabu. Miaka ilipita, na sasa akizikumbuka kelele zile, machozi yalimlenga.

Zilinyamaza moja moja. Fundi alianza kunywa kidogo, kisha kila siku, kisha tangu asubuhi. Mikono ikaanza kutetemeka. Wateja wakaja kuchukua saa zao. Ikabaki moja tu, saa ya harusi ya fundi na mkewe, nayo ilikuwa mbovu.

Jumatatu moja fundi alimwambia mkewe, "Leo naacha. Nifungie chumbani. Hata nikilia, usifungue."

Mke alifurahi sana. Alimwaga pombe yote, akafunga mlango kwa kufuli. Alikuwa akimpitishia chakula dirishani.

Jumatano asubuhi alimpelekea chai. Alimkuta ameloa jasho, anatetemeka mwili mzima.

"Watoe hawa wadudu," fundi alisema, akionyesha ukuta mtupu.

Mke alikimbia kwa jirani yao muuguzi, ambaye mtaa mzima humwita Sista. Alifanya kazi katika kliniki ya watu wanaoacha pombe na dawa za kulevya.

"Sista, nimemfungia apone, naye anazidi kuugua."

"Hajanywa tangu lini?"

"Tangu juzi."

"Twende hospitali sasa hivi. Mwili uliozoea pombe kila siku kwa miaka haukatiwi ghafla, dada. Mtu anaweza kuanguka, akakakamaa, hata akafa."

"Kumbe nilikuwa namuua mume wangu?"

"Ulikuwa na nia njema. Lakini mtu kama huyu huja kwetu kwanza, kabla hajaacha. Tunampima, tunampa dawa, tunamwangalia. Kufuli si dawa."

Fundi alilazwa siku sita. Alipewa dawa za kuutuliza mwili na vitamini. Wadudu wakatoweka ukutani. Kisha akaanza kwenda kliniki kwa Sista, mkewe akiwa naye.

Siku ya kwanza Sista alimpima presha na uzito, akamtazama macho, akamtoa damu ya kupima ini. Halafu akasema, "Vua viatu, shemeji."

"Miguu yangu hainywi pombe," fundi alinung'unika.

"Vua tu."

Kidoleni kulikuwa na kidonda kikubwa. Hata mkewe hakuwa amekiona.

"Mbona hukutibiwa?" Sista aliuliza.

Fundi aliinamisha kichwa. "Mara ya mwisho nilipokwenda kutibiwa, wahudumu walinusa mdomo wangu, wakacheka."

"Hapa hatumcheki mtu. Pombe huficha magonjwa mengine, ndiyo maana tunaangalia mwili wote."

Alikisafisha kidonda kwa mikono yake mwenyewe, taratibu. Mke alimtazama mumewe akilia kimya, naye akalia.

Mwezi wa pili fundi alikunywa tena siku moja. Aliona aibu kurudi kliniki. Mkewe alikuwa na maneno mengi mdomoni, lakini akayameza. Alimwita Sista.

"Kuteleza si kuanguka," Sista alimwambia fundi. "Kesho nakusubiri, kama kawaida."

Alikwenda. Kidonda kikafunga. Mikono ikatulia, kidogo kidogo.

Alasiri moja mke alirudi kutoka sokoni. Alisimama mlangoni, kikapu mkononi. Ndani kulikuwa na sauti ambayo hakuwa ameisikia kwa miaka mingi. Mumewe alikuwa mezani, kioo jichoni, na saa ya harusi ilikuwa ukutani, inatembea.

"Kelele gani hizi?" mke alisema, akiweka kikapu chini.

Fundi aligeuka, akatabasamu. "Zinakusumbua? Niizime?"

"Thubutu uone."